Yangambi: Ukimshika kinyonga kwa upole, mrudishe pia kwenye tawi lake

Kwenye njia za mashamba ya Yangambi, teritware ya Isangi, jimbo la Tshopo, mtu akikutana na kinyonga mara nyingi hufanya jambo moja kati ya mawili. Kuna anayeokota fimbo akampiga, kwa sababu tangu utoto aliambiwa kwamba mnyama huyu analeta bahati mbaya. Na kuna anayempenda: anamchukua mkononi, anamchezesha, halafu anampeleka nyumbani au anampa rafiki anayepanda boti kwenda Kisangani.

Wa kwanza anaua mnyama mmoja. Wa pili anaonekana kuwa na huruma zaidi, na kweli anayo. Lakini miaka hamsini iliyopita imeonyesha jambo ambalo wengi hawalijui: mkono wa upole unaompeleka kinyonga mbali na kwao unaweza kuleta hasara kubwa kuliko fimbo. Mfano mkubwa kabisa umetokea mbali, katika visiwa vya Hawaii, lakini wanyama wenyewe walitoka huku kwetu, Afrika Mashariki.

Hana sumu, wala hafuati rangi ya kila kitu

Yangambi iko kwenye ukingo wa kuume wa mto Kongo, karibu kilometa 100 magharibi ya Kisangani. Ni nchi ya chini, isiyofika mita 500 juu ya bahari, yenye joto la wastani la digrii 25 hivi na mvua ya karibu milimita 1.800 kwa mwaka. Msitu wake ni mrefu na mzito. Pembeni ya msitu kuna mashamba ya mihogo, mahindi na ndizi, na vichaka vilivyoota mahali palipolimwa zamani. Katika nchi ya namna hii, kinyonga huonekana mara nyingi pembeni ya njia na ya mashamba, si kwa sababu anapenda watu, bali kwa sababu matawi huko ni ya chini na macho yetu yanayafikia. Wengine wanaishi juu kwenye majani ya miti mikubwa, na huonekana tu mti unapokatwa.

Kongo ni moja ya nchi zenye aina nyingi za vinyonga. Yupo mwenye vipande vya ngozi kama masikio nyuma ya kichwa, anayepatikana sehemu nyingi za Afrika. Katika misitu ya chini ya bonde la Kongo na nchi jirani yupo anayeitwa Trioceros oweni, ambaye dume lake lina pembe tatu. Katika milima ya Kivu, Rwanda, Burundi na Uganda yupo Trioceros johnstoni, naye dume lake lina pembe tatu, lakini yeye ni wa baridi ya milimani. Yupo wa msitu wa Ituri, aliyeelezwa mwaka wa 1919 na Mmarekani Karl Schmidt kutokana na wanyama waliokusanywa Kongo kati ya 1909 na 1915. Tena, mwaka wa 2006 wataalamu walipohitaji jina jipya kwa jamii moja ya vinyonga wa milima na misitu ya Afrika Mashariki na Kongo, walichukua neno la Kiswahili chetu: Kinyongia. Ndilo jina linalotumika leo katika vitabu vya elimu duniani kote.

Pamoja na heshima hiyo, kinyonga anaogopwa. Katika mataifa mengi ya Kibantu, zaidi sana ya kusini, wazee husimulia kwamba alitumwa kuwapelekea watu habari ya uzima usio na mwisho, akachelewa njiani, na mnyama mwingine mwenye mbio akafika kwanza na habari ya kifo. Wengine wanasema mate yake ni sumu. Wengine wanamtaja wanapomsema mwanasiasa anayehama chama kila kunapokucha.

Ukweli ni huu: kinyonga hana sumu. Hana sumu kwenye meno, wala kwenye mate, wala kwenye ngozi. Mkubwa akikasirishwa anaweza kuuma, na meno yake yanaweza kukwaruza kidole, basi. Kuhusu rangi pia, watu wanamsingizia. Kinyonga habadiliki kwa kufuata kila kitu anachokanyaga. Rangi yake inasema habari za mwili na za moyo: baridi, joto, hofu, hasira, kutafuta jike. Mwaka wa 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Genève, Uswisi, walionyesha kwamba ndani ya ngozi ya kinyonga wa Madagascar mna chembe ndogo sana zinazorudisha mwanga kama vioo. Mnyama anapozisogeza karibu au kuziachanisha, rangi inabadilika.

Kwa mtu wa kijijini, faida ya kujua hayo ni moja: unaweza kusoma hali yake. Kinyonga akiwa mweusi, amejaza upepo mwilini, amefungua kinywa na anatoa sauti kama ya nyoka, hajaribu kukuroga. Anaogopa, na anakuomba umwache.

Namna ya kumshika

Si kila kinyonga anahitaji kushikwa. Akiwa juu ya tawi lake, mwangalie, mpige picha, endelea na safari. Lakini kuna saa ambapo kumwacha ni kumuua: yuko katikati ya barabara na pikipiki zinapita, au shamba linakatwa na moto utawashwa kesho. Saa hizo, mkono wa mtu unaweza kumsaidia, kama unajua kazi yake.

Usimshike kutoka juu. Ndege wanaokula vinyonga huja kutoka juu, na kivuli cha mkono wako ni kama kivuli cha ndege. Weka mkono wako, au kijiti, mbele yake na chini kidogo ya kifua, halafu ngoja. Kinyonga anapenda kupanda. Akiona kitu cha kukamata mbele yake, mara nyingi atapanda mwenyewe, mguu mmoja mmoja, kwa ule mwendo wake wa kusitasita kama jani linalotikiswa na upepo.

Usimvute. Vidole vyake vimegawanyika mafungu mawili kama koleo, na mkia wake ni mkono wa tano. Akishika tawi, ameshika kweli. Anayemvuta kwa nguvu anaweza kumvunja vidole au kumuumiza mgongo. Mfungulie mguu mmoja mmoja, au kata kijiti alichokishika umchukue pamoja nacho. Usimshike kwa pembe. Usimfunge ndani ya mfuko wa plastiki wala ndani ya chupa: joto litamuua haraka. Usimwache juani kwenye kiganja ili watu wapige picha kwa zamu. Na ukimaliza, nawa mikono kwa maji na sabuni, kwa maana vinyonga, kama mijusi na kobe, wanaweza kubeba vijidudu vya salmonela vinavyoharibu tumbo, hasa la watoto wadogo.

Ukimkuta jike mwenye tumbo kubwa anatembea chini kwenye udongo, usidhani amepotea. Aina nyingi za vinyonga huchimba shimo na kutaga mayai ardhini. Huyo yuko kazini. Mwache.

Mpaka hapa, mtu mwenye mkono mzuri amefanya vizuri. Swali linalobaki ndilo lenye uzito: sasa yuko mkononi mwako, utamweka wapi?

Hawaii, 1972: wema ulioleta hasara

Katika milima ya Kenya kuna kinyonga wa pembe tatu anayeitwa wa Jackson, kwa jina la Frederick Jackson, Mwingereza aliyefanya kazi ya serikali ya kikoloni Afrika Mashariki. Jina hilo la kitaalamu alipewa mwaka wa 1896. Kwa sura anafanana sana na yule wa milima ya Kivu, lakini wana tofauti kubwa: wa Kivu hutaga mayai, wa Jackson huzaa watoto walio hai, mara nyingi kumi hata thelathini kwa mara moja.

Mwaka wa 1972, mwenye duka la wanyama wa kufuga katika kisiwa cha Oahu, Hawaii, alipokea vinyonga kama 36 kutoka Kenya. Wanyama walifika wamechoka na wamekonda kwa safari. Mtu huyo hakuwatupa. Aliwaweka nje, kwenye majani ya bustani, wapate hewa, maji na wadudu, warudishe nguvu. Ni jambo ambalo mtu yeyote mwenye huruma angelifanya.

Walirudisha nguvu kweli. Halafu wakatawanyika. Milima ya Hawaii ina mvua na ubaridi kama ile ya kwao, wadudu ni wengi, na wanyama waliozoea kuwawinda hawako. Jike mmoja mwenye mimba anatosha kuanzisha ukoo mahali papya. Watu nao wakasaidia: mtoto anamwokota mmoja, anampeleka kwa shangazi upande mwingine wa kisiwa, mwingine anavuka bahari na wawili ndani ya boksi. Baada ya miaka, vinyonga wa Kenya walikuwa wanazaliana Oahu, Maui na kwenye kisiwa kikubwa cha Hawaii. Leo ukienda kutembea milimani huko, unaweza kukutana na kinyonga wa pembe tatu kwenye tawi, kilometa maelfu mbali na mlima Kenya, kana kwamba ndiko alikoumbwa.

Siyo kwao. Hawaii ilitokea katikati ya bahari, na haikuwa na mnyama wa nchi kavu wa jamii ya mijusi au nyoka hata mmoja mpaka watu walipofika nao. Viumbe vya pale havikujifunza kumkimbia mwindaji wa namna ile, anayekaa kimya juu ya jani na kutupa ulimi mrefu kuliko mwili wake.

Kwa miaka mingi watu walisema kinyonga hana shida, anakula nzi na panzi tu. Mwaka wa 2010 watafiti wa Hawaii walitoa majibu ya kazi yao: walipofungua matumbo ya vinyonga waliokamatwa msituni, walikuta ndani konokono wadogo wa asili, ambao hawapatikani mahali pengine popote duniani. Kati yao walikuwamo wa jamii ya Achatinella, konokono wa mitini wenye magamba ya kupendeza. Konokono hawa huchukua miaka kadhaa kabla ya kuanza kuzaa, na huzaa mtoto mmoja mmoja. Sheria ya Marekani iliwaweka wote kwenye orodha ya viumbe vilivyo hatarini tangu 1981. Kinyonga mmoja anayekaa kwenye mti wao anaweza kumaliza kwa siku chache kazi ya miaka mingi.

Haki ni haki: kinyonga si mkosaji wa peke yake. Panya wamekula konokono hao kwa muda mrefu. Kuna pia jambo jingine linalotuhusu. Konokono mkubwa wa Afrika Mashariki alipelekwa Hawaii katika miaka ya 1930 akawa adui wa mashamba. Ili kumpiga vita, mwaka wa 1955 viongozi walileta konokono mwingine kutoka Florida, mla konokono. Huyo akaacha wale wakubwa, akawashambulia wadogo wa asili. Kinyonga alikuta nyumba imekwisha kuungua, akaongeza kuni. Tarehe 1 Januari 2019, konokono wa mwisho aliyejulikana wa aina iitwayo Achatinella apexfulva alikufa ndani ya maabara.

Kenya ilifunga biashara ya kutoa vinyonga hao mwaka wa 1981. Hawaii nayo sasa inawahesabu kuwa wanyama waharibifu. Kuwapeleka kutoka kisiwa kimoja hadi kingine ni kosa lenye faini kubwa na hata kifungo. Lakini kuwamaliza msituni imekuwa kazi isiyo na mwisho. Kinyonga aliyelala kimya kati ya majani elfu haonekani kwa urahisi.

Florida: wanaopandikiza ili wavune

Katika jimbo la Florida, Marekani, hadithi ni nyingine. Huko kuna kinyonga wa Yemen na Saudi Arabia, mwenye kilemba kirefu kichwani, na kuna wa Madagascar. Baadhi walitoroka kwa wenye kuwafuga. Wengine waliachiliwa kwa makusudi: wafanyabiashara waliwaweka kwenye vichaka vya watu ili wazaliane bure, halafu wakarudi usiku na tochi kuwavuna na kuwauza.

Usiku ndio wakati rahisi wa kumwona kinyonga. Akilala, rangi yake hufifia, na mwanga wa tochi ukimpiga anang'aa juu ya majani ya kijani. Watafiti wa Kongo na wa nchi nyingine hutumia njia hiyohiyo kwa kazi ya elimu. Tochi ni ileile na upole wa mkono ni uleule, lakini mmoja anaandika alichokiona na kumwacha mnyama kwenye tawi lake, na mwingine anaandaa biashara mahali ambapo mnyama hakuwa wa kuishi.

Na sisi je?

Msomaji wa Tshopo anaweza kusema: sisi si kisiwa, na vinyonga tunao tangu zamani; mmoja zaidi ataharibu nini? Swali ni la haki. Jibu linaanzia kwenye mto wenyewe.

Katika miaka ya 1950, ua zuri la rangi ya samawati kutoka Amerika ya Kusini, lililopendwa kwa mapambo ya madimbwi, liliingia kwenye mto Kongo. Kwa muda wa miaka michache lilikuwa limeenea toka Léopoldville mpaka Stanleyville, yaani Kinshasa na Kisangani za leo, likipita mbele ya Yangambi. Ni lile gugu la maji ambalo watu wa mtoni waliliita Kongo ya sika, Kongo mpya. Mvuvi ambaye wavu wake umejaa gugu hilo hahitaji mwalimu wa kumweleza maana ya kiumbe kilichohamishwa.

Hata miti yetu imefanya hivyo kwa wengine. Maesopsis ni mti unaoota wenyewe katika misitu ya Kongo, na hapa hauna ubaya wowote. Wakoloni waliupeleka Amani, katika milima ya Usambara, Tanzania. Huko ulienea kila mahali msitu ulipokatwa, ukachukua nafasi ya miti ya asili, katika milima ambamo wanaishi vinyonga wasiopatikana kwingine duniani. Mti ni uleule. Uzuri au ubaya wake unategemea mahali uliposimama.

Sasa angalia safari zetu. Toka Bukavu au Goma hadi Kisangani hupita mizigo. Toka Kisangani hadi Yangambi kuna boti, pirogi na pikipiki. Ndani ya mizigo hiyo mnapita mikungu ya ndizi, kuni, majani, na miche yenye udongo wake. Kinyonga wa milimani anaweza kusafiri mkononi mwa mtoto aliyempenda. Mayai yanaweza kusafiri ndani ya udongo bila mtu kujua, kwani hukaa miezi kabla ya kupasuka. Yangambi yenyewe imekuwa kwa muda mrefu mahali pa kutoa miche na mbegu za michikichi, kahawa na kakao kwa nchi nzima.

Mara nyingi mnyama huyo atakufa tu. Kinyonga wa Kivu aliyezoea mita 1.500 za Bukavu na usiku wa baridi hataweza joto la Yangambi, na anayedhani amemfungulia uhuru amemhukumu kifo cha polepole. Lakini mara nyingine anaishi. Hapo yanakuja matatu: anagombania chakula na wa pale, anaweza kuwaletea minyoo na magonjwa wasiyoyazoea, na anavuruga hesabu ya elimu, kwa sababu mtafiti atakayemkuta kesho ataandika kwamba aina ile inaishi Tshopo, kumbe ililetwa ndani ya kikapu.

Karatasi ndogo ya Yangambi

Jambo hilo la tatu, hakuna mahali panapolielewa kuliko Yangambi. Mwaka wa 1933 Wabelgiji walianzisha INEAC, shirika la utafiti wa kilimo, na kituo chake kikubwa kilijengwa hapo. Leo ni INERA. Ndani ya majengo yake mna hebario, ghala la mimea iliyokaushwa, yenye vielelezo karibu elfu 150. Kila jani limebandikwa kwenye karatasi, na pembeni kuna maandishi: lilichumwa wapi, siku gani, na nani.

Maandishi hayo ndiyo mali. Jani lisilojulikana lilikotoka ni takataka kavu. Jani lenye mahali pake na tarehe yake linaweza kuonyesha, baada ya miaka themanini, jinsi msitu ulivyobadilika. Ni kwa kazi za namna hiyo kwamba eneo la Yangambi limekuwa hifadhi ya dunia inayotambuliwa na UNESCO tangu miaka ya 1970, na kwamba mwaka wa 2020 ulisimamishwa pale mnara wa mita 55 unaopima hewa inayoingia na kutoka msituni.

Kinyonga naye ni hivyo. Mwaka wa 1965 Mbelgiji Gaston-François de Witte alitoa kitabu kizima juu ya vinyonga vya Kongo, Rwanda na Burundi, kutokana na wanyama waliohifadhiwa pamoja na majina ya mahali walipokamatwa. Kila aliyehamishwa kiholela anafuta mstari mmoja wa kitabu cha namna hiyo.

Leo mkulima mwenye telefone anaweza kuandika mstari wake mwenyewe bila kumgusa mnyama. Piga picha tatu: kichwa kwa upande, mwili mzima na mkia, na mti aliokaa. Andika kijiji, tarehe na saa. Kama sura yake ni ya ajabu na haijazoeleka hapo, picha hiyo ipelekwe kwa watu wa INERA au kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Kisangani, ambacho kina kituo cha kufuatilia viumbe vya msituni. Picha inasafiri hadi Kisangani kwa dakika moja, na kinyonga anabaki kwake.

Hatua chache tu

Sheria pia inasema. Kongo, wakati ule Zaïre, iliingia mwaka wa 1976 katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe vya pori kati ya nchi na nchi, na karibu vinyonga wote wa Afrika wako kwenye orodha ya mkataba huo. Kumvusha mpaka kwa ajili ya biashara bila kibali ni kosa. Ndani ya nchi kuna sheria namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014 juu ya uhifadhi wa mazingira ya asili. Lakini si askari atakayesimama kwenye kila njia ya shamba la mihogo. Atakayesimama pale ni mama anayetoka kuchuma sombe, au pondu kama wanavyosema Kisangani, na mtoto anayerudi kutoka masomo.

Kwao sheria inaweza kuwa fupi. Kinyonga akiwa barabarani, mpandishe kwenye kijiti, mvushe upande ule alioelekea, mweke kwenye kichaka cha kwanza. Shamba likikatwa, mpeleke kwenye miti iliyosimama iliyo karibu zaidi, hatua chache, si kijiji kingine. Ukimkuta kwenye mkungu wa ndizi uliotoka mbali, usimwachilie bustanini kwa kumwonea huruma. Mweke ndani ya boksi lenye matundu na majani, kivulini, umwite anayejua. Na mtoto akimleta nyumbani kwa furaha, usimpige mtoto wala kinyonga. Muulize alimtoa kwenye mti gani, mwende pamoja mumrudishe kabla ya jua kuzama, kwa maana usiku kinyonga halioni tawi.

Watu wa Tshopo wana neno la Lingala kwa kazi isiyotaka haraka: malembe. Kinyonga mwenyewe anatembea hivyo. Mwenye duka wa Hawaii aliwashika wanyama wake malembe, na nia yake ilikuwa njema, lakini aliwaweka kwenye majani yasiyokuwa ya kwao. Watu wa visiwa vile wanailipa hasara hiyo mpaka leo, na konokono waliokwisha hawatarudi.